Nyumba Moja, Mabwana Wengi: Ngome Kongwe ya Bagamoyo na Sisi Watu wa Bara



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma hesabu za Chama chetu Kikuu kwa muda wa miaka kumi: uzito wa ufuta na korosho zilizopita katika maghala, fedha walizolipwa wakulima, na habari za viongozi waliotutangulia. Halmashauri iliona yafaa kuwamo humu pia habari moja ya kale, ili sikukuu yetu isiwe ya kuhesabu magunia peke yake. Kazi hiyo tukakabidhiwa sisi wa ofisi ya Lugoba. Nasi tumechagua kueleza habari za nyumba moja iliyoko mjini Bagamoyo, iitwayo Ngome Kongwe, ambayo siku hizi hutunzwa na serikali miongoni mwa kumbukumbu za mambo ya kale, na kila apendaye aweza kuingia kuitazama.

Huenda msomaji akastaajabu na kuuliza, Mkwere wa Lugoba ana jambo gani na ngome ya pwani? Kwetu ni mashamba, ng'ombe na machimbo ya mawe; bahari twaiona tukisafiri. Walakini tulipoizuru nyumba hiyo pamoja na wanachama wa vyama vya msingi, lilitokea jambo dogo lililotufanya tufikiri. Aliyetuongoza alitutajia vizuri majina ya mabwana wote waliopata kuishika nyumba ile, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja wa kwetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa ukuta kwa kiganja akasema, "Mwanangu Katibu, tumetajiwa waliolala humu. Je, waliochoma chokaa hii ni kina nani?" Hapakuwa na aliyemjibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu mzee wetu, kwa kadiri historia inavyoruhusu.

NYUMBA YA TAJIRI

Ngome Kongwe iko upande wa kusini wa mji, kando ya njia iendayo Kaole, si mbali na bahari. Wajuzi wa mambo ya kale huihesabu kuwa ndiyo kongwe kupita nyumba zote za mawe zilizosimama katika mji wa Bagamoyo. Si kwamba pwani ile haikuwa na majengo ya mawe kabla yake. Mwendo wa kilomita tano hivi kutoka hapo yapo magofu ya Kaole, penye msikiti ulioanza kujengwa kadiri ya karne ya 13, na makaburi yenye minara ya mawe. Lakini Kaole ilikwisha kuhamwa siku nyingi, na mji wa Bagamoyo tuujuao ni mtoto wa karne ya 19.

Ngome hii ilijengwa yapata mwaka 1860 na tajiri mmoja Mwarabu, jina lake Abdallah Marhabi. Hakuijenga kwa ajili ya vita, bali iwe makao yake. Siku zile Unguja ilitawaliwa na Sayyid Majid bin Said, aliyeshika ufalme tangu mwaka 1856 hadi 1870. Wenyeji wa mji walikuwa Washomvi na majumbe wao, na nyuma yao Wazaramo na mapazi wao. Sisi Wakwere, pamoja na Wadoe na wengineo, tulikaa bara zaidi. Bagamoyo ilikuwa imeanza kustawi kwa sababu mbili. Kwanza, inaelekeana na kisiwa cha Unguja, hata jahazi likipata upepo mwema huvuka kwa muda mfupi. Pili, njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora ilikuwa ikiishia hapo.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe ya kujenga, kwa kuwa ndiyo aliyoiuliza mzee wetu. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa nayo hupatikana kwa matumbawe hayo hayo. Hupangwa rundo kubwa la magogo, juu yake hutandazwa mawe, kisha moto huwashwa na kuachwa uwake mpaka mawe yaungue yote. Yakiisha kuungua, huachwa yapate mvua na umande kwa muda wa miezi hata yawe unga laini. Unga huo ukichanganywa na mchanga na maji ndio unaoshika kuta, na ndio unaopakwa nje nyumba ikapendeza. Dari hulazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja haivuki sana mita tatu bila kulegea, vyumba vya nyumba za namna hii huwa vyembamba na virefu. Tajiri aweza kuwa na fedha kiasi apendacho, lakini upana wa chumba chake huamuliwa na mti wa mkoko.

Basi hesabuni ninyi wenyewe. Kuna mikono iliyochimba mawe, mikono iliyokata magogo ya tanuu, mikono iliyokata boriti katika matope ya mikokoni, na vichwa vilivyobeba vyote hivyo mpaka kiwanjani. Katika pwani ya siku zile kazi nzito kama hizo zilifanywa na watumwa pamoja na vibarua. Hata neno hilo "kibarua", ambalo leo twalitumia bila kufikiri, lina historia yake. Maana yake ni barua ndogo. Mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi aliyoifanya, na ujira wake hugawanywa baina yake na bwana. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Msomaji aliangalie jambo hili, kwa maana tutalirudia: karatasi ilikuwapo, ila jina la mfanya kazi halikudumu.

NGOME YA SULTANI

Sayyid Majid alipofariki mwaka 1870, nduguye Sayyid Barghash alitawala mpaka mwaka 1888. Katika zama zake nyumba ya Marhabi iliongezewa nguvu, kuta zikatobolewa matundu ya kutolea bunduki, na makao ya tajiri yakageuka ngome. Sultani alikuwa na liwali wake mjini pamoja na askari wa Kibulushi, na hapana budi kuilinda biashara iliyokuwa ikimpatia ushuru mwingi.

Biashara gani? Kwanza pembe za ndovu. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, yaani kadiri ya kilo 16. Mpagazi mzima alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, akatembea nao miezi kutoka ziwani mpaka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliokuwa wakitafuta ujira wa nguo na vitu vingine. Wakifika pwani walipiga kambi kwa maelfu, wakingojea mizigo ya kurudi nayo.

Maelfu ya watu hawali upepo. Mtama, mahindi, mihogo, kuku na mbuzi waliolisha kambi zile vilitoka kwa wakulima wa nyuma ya pwani, na misafara ilipita katika nchi ya Ukwere kwa siku kadhaa kabla ya kuuvuka mto Ruvu, ambao wageni waliuandika katika vitabu vyao kwa jina la Kingani. Leo gari likitoka kwetu Lugoba hushika barabara ya Msata, na kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64, kazi ya saa moja na kitu. Mpagazi mwenye frasila mbili kichwani alihitaji siku nne au tano kwa mwendo kama huo.

Bidhaa nyingine iliyotugusa zaidi ni sandarusi. Hiyo ni gundi ya mti wa kale iliyokauka na kukaa ardhini miaka mingi, na watu wa nyuma ya mwambao waliichimba kwa majembe. Ilisafishwa Unguja, ikapelekwa Ulaya na Marekani, hasa bandari ya Salem, ili kutengeneza vanishi ya kung'arisha mbao za samani na magari ya farasi. Malipo yake yalikuwa nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa huko huko Marekani, ndiyo maana bibi zetu waliiita amerikani. Mchimbaji wa sandarusi hakuijua bei ya Unguja wala ya Salem. Alijua kipimo cha mnunuzi aliyemkuta mbele yake, na kipimo kile kilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Mwanachama yeyote aliyewahi kuuza mazao yake kwa lumbesa, gunia likashindiliwa mpaka likaota kichwa, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Bidhaa ya tatu ilikuwa binadamu. Hatuwezi kuandika habari za Bagamoyo tukalificha jambo hili, wala haifai kulikuza kupita kweli yake. Bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa, kusini. Bagamoyo sifa yake kuu ilikuwa pembe. Hata hivyo watumwa walipita Bagamoyo, na wengi waliishi na kufanya kazi huko huko mashambani na majumbani. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Unguja, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kushuka pwani. Biashara ikaendelea kwa siri. Ndiyo maana katika Ngome Kongwe husimuliwa habari za njia ya chini kwa chini, ambayo wasimulizi husema watumwa walipitishwa humo kwenda majahazini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Na nyumba ya masista ya mwaka 1876 katika misheni hiyo siku hizi ni makumbusho.

BENDERA YA WADACHI

Mwaka 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, alitia saini mkataba wa kuwakabidhi kampuni ya Wajerumani utawala na ushuru wa pwani. Wenye nchi hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti bendera mpya ilipotwekwa, pwani yote iliwaka moto. Bushiri bin Salim aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri upande wa Saadani. Watu wa pwani na watu wa bara walipigana bega kwa bega. Serikali ya Kijerumani ikamtuma Hermann Wissmann na askari wengi wa Kisudani, naye mwezi wa Mei 1889 akaivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Nyumba ya Marhabi ikapata bwana wa tatu. Safari hii ilikuwa kituo cha askari wa Kijerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Matundu yaliyotobolewa kumlinda Sultani yakamlinda yule aliyechukua nafasi yake. Ukuta hauna upendeleo. Humtumikia aliye ndani.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi tu. Mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam, penye bandari ya kina kirefu. Hata hivyo mwaka 1897 walijenga Boma kubwa lenye matao mjini Bagamoyo, kwa ajili ya utawala wa wilaya. Mwaka huo huo wa 1897 waliitunga amri ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka uliofuata. Tangu hapo kila nyumba ya udongo ya Ukwere iliwajibika kulipa, na asiye na fedha alilipa kwa nguvu zake katika kazi za serikali. Basi ukisimama mbele ya matao ya Boma, kumbuka kwamba gharama ya utawala ule ilikusanywa kibanda kwa kibanda.

Reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilitokea Dar es Salaam, si Bagamoyo, na ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi ya mpagazi ilikuwa imekufa. Mji uliopokea misafara elfu ukabaki mji wa wavuvi na wakulima wa nazi.

GEREZA

Tarehe 15 Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliipiga na kuitwaa Bagamoyo. Ngome ikapata bwana wa nne, naye akaifanya gereza.

Hapa tena lugha yetu yatufundisha. Neno "gereza" asili yake ni Kireno, na katika Kireno lilikuwa na maana ya kanisa. Waswahili wa zamani walilitumia kwa maana ya ngome, kwa sababu Wareno walikuwa na makanisa yao ndani ya ngome. Kisha, ngome za pwani zilipofanywa mahali pa kufungia watu, neno likaja kumaanisha hivyo tu. Kwa hiyo Ngome Kongwe ilikuwa gereza kwa maana ya kale kabla ya kuwa gereza kwa maana ya sasa.

Katika siku za Mwingereza utumwa ulifutwa kabisa kisheria, ila watu wengi hawajui kwamba sheria hiyo katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Wajerumani walikuwa wamepigana vita wakisema wanakomesha utumwa, na walipoondoka utumwa wenyewe ulikuwa bado unaruhusiwa kisheria. Lakini kodi iliendelea, na kukosa kulipa kodi ilikuwa njia mojawapo ya kumfikisha mwananchi kifungoni.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Msomaji angedhani kwamba siku ile milango ya nyumba ile ilifunguliwa. Haikuwa hivyo. Iliendelea kuwa gereza mpaka mwaka 1974, na baada ya hapo ikatumiwa na polisi. Twalisema jambo hili bila kumlaumu mtu, kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu lina mafunzo: nyumba haibadiliki tabia kwa kubadilishwa bendera. Yahitaji watu waamue kwa makusudi itumike kwa jambo gani.

KUMBUKUMBU YA TAIFA

Uamuzi huo ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ngome ilipokabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Nchi yetu ilikuwa na amri ya kuhifadhi majengo ya kale tangu mwaka 1937, ikafuatiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mwaka 2006 serikali iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, katika orodha ya mahali panapotazamiwa kuombewa hadhi ya Urithi wa Dunia.

Sheria ni jambo jema, lakini haizuii mvua. Boma la mwaka 1897, lililokuwa likitumika kwa kazi za serikali hata baada ya Uhuru, lilianguka paa lake katika mvua kubwa za mwaka 1998. Nyumba ya mawe na chokaa huishi kwa kupakwa, kuzibwa na kuezekwa kila mara. Ikiachwa, maji huingia darini, boriti huoza, na kazi ya mikono elfu hushuka chini kwa usiku mmoja.

Kuna na hatari nyingine, ambayo haitokani na mvua. Ni kuisimulia nyumba kwa sura moja tu. Wapo wapendao kusikia habari za minyororo peke yake, na wapo wapendao kusikia habari za mabwana na wasafiri mashuhuri peke yake. Wa kwanza humfanya Mwafrika kuwa mtu aliyefungwa tu, asiyetenda neno. Wa pili hawamwoni kabisa. Nyumba ile ina tabaka nyingi kama kitunguu, na katika kila tabaka wamo watu wa kwetu: wapagazi wenye mapatano yao ya ujira, wachimba sandarusi, wakulima waliolisha misafara, wapiganaji wa mwaka 1888, walipa kodi, wafungwa na walinzi wa wafungwa. Mabwana walipokezana funguo. Wafanya kazi hawakupata kuushika ufunguo, lakini bila wao pasingekuwa na mlango.

ALIYEANDIKA AKAKUMBUKWA

Sasa twarudi kwenye karatasi. Katika mwezi wa Februari 1874 uliingia Bagamoyo msafara uliobeba maiti ya Dk. David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake Waafrika waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu kwa muda wa miezi mingi mpaka pwani, na usiku mmoja ukalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kupelekwa Unguja. Mnara wa kanisa hilo bado upo, nao waitwa kwa jina la Livingstone. Wapagazi wa msafara ule walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake. Wanaotajwa sana ni wawili, Susi na Chuma, kwa kuwa walikuwa viongozi.

Yuko mwingine anayejulikana kwa sababu nyingine. Ni Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Yeye alijua kuandika. Alichonga jina la marehemu katika gome la mti kule Chitambo, akaandika orodha ya vitu vya marehemu, akaandika na habari za safari siku kwa siku. Kisha alifuatana na jeneza mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa walioshika jeneza hilo katika mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874, London. Mguu wake haukuchoka kuliko miguu ya wenzake, na moyo wake haukuwa mkubwa kuliko mioyo yao. Tofauti ilikuwa kalamu. Leo wataalamu wasomapo habari za safari ile husoma maneno ya Jacob, na wenziwe wengi wamebaki kuwa hesabu.

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba na watu hupotea vivyo hivyo.

YATUHUSU NINI SISI WANAUSHIRIKA

Ndugu wanachama, huenda mwasema kwamba tumetoka mbali. La, hatujatoka mbali hata kidogo. Mwezi wa Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao na vijiji. Maghala, magari na viwanja vilivyonunuliwa kwa senti zilizokatwa katika mazao ya wakulima vilipata mabwana wapya. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama. Ndipo ilipoonekana faida ya daftari. Chama kilichokuwa na hati na mihutasari yake kiliweza kusimama na kudai. Kisichokuwa na karatasi kilisimama mbele ya ghala lake chenyewe kama mgeni, kikiwa na wazee tu wa kusema, "Tulijenga sisi." Nao wazee hao kila mwaka wapungua.

Tofauti ya mkulima wa leo na mchimba sandarusi wa zama za Barghash si jembe. Majembe yetu hayakubadilika sana. Tofauti ni kwamba mazao yakiingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, uliowekewa sheria mwaka 2005, yaandikwa kwa jina na kwa uzito uliopimwa mbele ya macho ya watu, na bei hutajwa katika mnada wa wazi. Karatasi ile ndogo si kama kibarua cha mtumwa aliyekodishwa. Humtaja mwenye mali, wala haimtaji bwana wake, kwa sababu bwana hana. Asemaye kwamba stakabadhi ni usumbufu, na kwamba ni heri kuuza usiku kwa bakuli nyuma ya nyumba, na aende Bagamoyo akatazame jinsi mikono isiyoandikwa ilivyojenga nyumba ya mwingine.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu.

La kwanza, kila chama cha msingi kiandike habari za ghala lake kabla mwaka huu haujaisha: lilijengwa lini, kiwanja kilipatikanaje, nani walifyatua matofali, nani waliteka maji, wanawake wangapi walibeba mchanga, na kila mmoja alichanga nini. Majina yaandikwe yote, ya aliyetoa shilingi na ya aliyetoa siku yake. Nakala moja ikae katika chama, nyingine katika Chama Kikuu.

La pili, hati za viwanja na daftari za mihutasari zisikae tena ndani ya sanduku la mbao chini ya meza ya katibu, mahali pa mchwa na panya. Zinunuliwe kabati za chuma. Gharama yake ni ndogo kuliko kesi moja ya kiwanja.

La tatu, kila mwaka watoto wa wanachama wapelekwe Bagamoyo kwa zamu, waione Ngome Kongwe, Boma, misheni na magofu ya Kaole. Nasi tuwaombe kwa heshima wanaozitunza nyumba hizo, kwamba katika maelezo wanayowapa wageni waongeze habari za wachoma chokaa, wakata boriti na wapagazi. Hatuombi majina mapya ya mabwana yafutwe wala ya zamani. Twaomba nafasi ya mistari michache.

Watu wengi husema jina la Bagamoyo latokana na "bwaga moyo". Wengine hulieleza kuwa ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari. Wengine kuwa ni furaha ya mpagazi aliyetua frasila zake akijua safari imekwisha. Sisi twaona maneno yote mawili yana nafasi katika nyumba moja, kwani wote wawili walipita njia moja, na njia hiyo ilipita kwetu.

Mzee wetu aliyeuliza juu ya chokaa hatukuweza kumpa majina. Mjukuu wake atakapouliza juu ya matofali ya ghala, na apewe daftari asome.

Twawatakia wanachama wote, wakulima wote wa wilaya yetu na wageni wetu sikukuu njema ya miaka kumi, mavuno mema, na mizani ya haki.